Punguza Robo

Katibu muhtasi alipiga simu ya ndani kwa sauti ya mtu anayeripoti moto. "Mheshimiwa, kuna mzee hapa ana mfuko wa vyuma. Walinzi wamempekua mara mbili. Hana miadi. Anasema nikuambie tu kwamba ni Robo."

Mkurugenzi Mkuu wa Baraza la Sayansi alikuwa anasaini barua. Kalamu ikasimama katikati ya jina.

"Mruhusu apite," akasema. "Na mfuko wake."

Mama huyu nyumbani na mitaani aliitwa Injinia, na kazi yake ilikuwa imempitisha kwenye milango mitatu. Miaka kumi alifundisha chuo kikuu. Miaka kumi na mitano akafanya kazi katika kiwanda cha pampu za maji. Sasa ulikuwa mwaka wa saba yuko serikalini, akiongoza baraza linaloamua sayansi ipi igeuzwe sheria. Wasifu wake ulikuwa na kurasa kumi na moja, naye aliusoma mara kwa mara, kwa sababu za kikazi. Taabu yake ilikuwa moja: kila alipokwenda hakuonekana wa hapo. Chuoni wenzake walimwita fundi, maana alipenda spana kuliko chaki. Kiwandani mafundi walimwita mwalimu, maana hakuweza kuomba nyundo bila kueleza sababu. Serikalini walimwita mtaalamu, neno ambalo pale hutumika kwa mtu aliyesema jambo refu wakati kikao kinataka kuendelea.

Kitu kimoja kilimfuata kote, nacho ni jedwali. Alipokuwa mhadhiri mchanga alijifungia maabarani miezi minane, kavaa koti jeupe, anakaza bolti za mifuniko ya pampu mpaka zikatike, anaandika. Ukikaza kidogo, maji yanavuja. Ukikaza mno, bolti inakatika au mfuniko unapasuka. Yeye akatafuta kwa kila bolti ile nguvu ya katikati, akazipanga zote kwenye ukurasa mmoja, ukurasa ukaingia kitabuni, na kitabu kikafika toleo la nne. Jedwali hilo lilimpandisha cheo chuoni. Jedwali hilo lilifanya kiwanda kimfuate mpaka nyumbani. Na waziri aliyemteua serikalini alilitaja kwenye hotuba yake, ingawa alisoma kichwa cha habari cha ukurasa mwingine.

Mzee Robo aliingia akiwa amevaa shati la kutokea lililopigwa pasi vizuri kuliko pazia za ofisi ile. Alikuwa msimamizi wa karakana kule kiwandani, na bado yuko pale pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umenenepa."

"Ni kiti hiki."

"Kiti kizuri," akakubali mzee, akakaa kwenye ncha ya kiti cha wageni. Akaumimina mfuko juu ya barua. Zilikuwa bolti tisa, zote zimekatika shingoni. "Mkaguzi wenu alikuja Jumatatu. Mtu mzuri, ana adabu, ana rasimu ya viwango vipya mkononi, na jedwali lako limo. Akasema vinapitishwa Jumanne ijayo, anazunguka kuona nani yuko tayari. Akapima bolti zangu kwa spana ya kipimo. Akasema zimelegea robo nzima. Akaniandikia karatasi ya kushindwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia akaze yeye, kama kitabu kinavyosema. Mia moja na ishirini." Mzee akazinyooshea bolti kidole. "Tisa. Ya kumi nilimwonea huruma nikamzuia."

"Akasemaje?"

"Akasema bolti zangu ni mbovu. Maana kitabu, mwalimu, hakiwezi kuwa kibovu. Kimefika toleo la nne."

Injinia akacheka, na kicheko kikamkwama njiani. Alijua. Si kwamba alishuku; alijua kabisa. Wiki yake ya kwanza kiwandani alisimama mbele ya meza ya mzee huyu huyu, kitabu chake mwenyewe kimefunguliwa pembeni, akakata bolti saba kabla ya saa ya chai. Mafundi walikuwa wameacha kazi zao wanamtazama kwa heshima kubwa, heshima ya watu wanaojizuia wasicheke. Mzee akaja, akapitisha kidole kwenye bolti, akamwonyesha kile kidole kinavyong'aa. "Hizi huwa zinakuja na mafuta," akasema. "Punguza robo."

Basi, jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Kule maabarani yeye alikuwa ameosha kila bolti kwa petroli mpaka ikauke kabisa, kwa sababu hakutaka koti jeupe lichafuke. Bolti kavu inabishana na spana. Nguvu nyingi inaishia kwenye msuguano. Yenye mafuta haina ubishi, na nguvu ile ile inaivuta mpaka inakata roho. Kitabu hakikusema neno juu ya kuosha, kwani nani huandika kwamba alinawa kabla ya kula? Kuanzia siku ile kiwandani walikaza kwa tisini badala ya mia na ishirini, pampu zikatulia, mzee akapata jina la Robo, na kila mtu akaendelea na maisha yake. Injinia alikusudia kwa moyo mweupe kurekebisha toleo la pili. Toleo la pili likamkuta wodi ya wazazi. La tatu likamkuta ndiyo kwanza amepandishwa cheo. La nne mchapishaji alimuuliza kwa barua kama ana marekebisho yoyote, naye akajibu kwamba rangi ya jalada ibadilishwe.

"Kikao ni Jumanne," akasema sasa. "Nitalishughulikia."

"Vipi?"

"Kuna njia za kiserikali, mzee."

"Ehe," akasema Mzee Robo, na kusimama. "Hizi nakuachia. Kwangu zipo nyingine, na kwa kasi ya mkaguzi wenu zitakuwepo nyingi."

Njia ya kiserikali ilikuwa tanbihi chini ya jedwali kwenye rasimu. Injinia aliitunga Ijumaa, mlango umefungwa, simu zimezuiwa. Alifuta mara sita. Mwishowe akapata sentensi ambayo hata yeye aliionea fahari: *Thamani zilizooneshwa katika jedwali zinaweza, inapobidi, kuzingatiwa upya kwa kuoanishwa na hali ya uso wa kifungio husika.* Herufi zake zilikuwa ndogo sana. Akamtumia Mzee Robo kwenye simu.

Mzee hakuandika jibu, alipiga.

"Mwalimu, nimesoma mara tatu. Nikampa mke wangu naye asome. Anakupa hongera. Ila anauliza, nikaze au nisikaze?"

"Mzee, huwezi kuamka tu asubuhi ukasema jedwali la miaka thelathini lina kosa. Kuna utaratibu."

"Hata sijasema kosa. Nimesema osha au punguza. Maneno matatu. Weka hayo."

"Nitaonekanaje?"

"Aa," akasema mzee kwa upole. "Kumbe ndiyo hiyo."

Ndiyo hiyo hasa. Injinia alikuwa anaogopa. Mwenyekiti wa baraza alikuwa profesa wake wa zamani, mzee wa tai ya kipepeo, ndiye aliyeandika dibaji ya kitabu. Wajumbe wengine watano walikuwa wamekisoma kitabu hicho, na wawili walifaulu mitihani kwacho. Kusema mbele yao kwamba ukurasa ule una tundu ilikuwa kusema kwamba vyeo vyake vyote vitatu vilikalia tundu hilo hilo, na kwamba alilijua, akalikalia kimya. Akaiacha tanbihi ilivyo, akaenda nyumbani.

Jumamosi mchana kitinda mimba wake alikuja kutoka chuoni na furushi la nguo chafu, kama kawaida yake. Binti huyu alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi, katika idara ile ile aliyofundisha mama yake, na shida yake kubwa maishani ilikuwa kwamba kila mhadhiri alimwita "mtoto wa jedwali". Baada ya chakula alitandaza karatasi zake mezani. Wiki mbili nyuma alikuwa amempigia mama yake simu akilalamika kwamba vipimo vyake vya maabara havikubali. Mama alikuwa anaingia kikaoni. Hakuuliza hata tarakimu. "Umepima ovyo, mwanangu," alimwambia. "Rudia."

"Nimerudia," akasema binti sasa, anatabasamu. "Nimepata alama sabini na nane. Tazama."

Injinia akavaa miwani. Mia na kumi na tisa. Mia na ishirini na moja. Mia na ishirini. Mia na kumi na tisa na nusu. Mia na ishirini na moja. Alikuwa amelala na kuamka na bolti kwa miezi minane, na hata siku moja hakuwahi kupata tano mfululizo zenye tabia njema namna ile.

"Hizi bolti mliziosha?"

"Kuziosha? Kwani ni vyombo?" Binti akacheka. "Zinatoka kwenye boksi zinateleza mafuta. Wanasema fundi wa zamani ndiye alikuwa akiziloweka kwenye petroli kila jioni, lakini amestaafu."

Fundi yule alikuwa amefundishwa kuloweka na Injinia mwenyewe. Alifanya hivyo miaka thelathini bila kuuliza kwa nini, Mungu ambariki, na kila darasa likaamini kwamba bolti zote duniani ni kavu.

"Sasa mia na ishirini mmeipata wapi?"

Binti akaweka kalamu chini. Akamtazama mama yake kama anayepima kama huyu aliyeketi mbele yake ni mama au ni Mkurugenzi Mkuu. Akaamua ni mama.

"Ukurasa wa tisini na sita," akasema. "Kwako. Darasa zima tumeitoa huko. Unaanza na jibu, unarudi nyuma, halafu unazichafua kidogo tarakimu za mwisho ili zisifanane sana. Mvivu anaandika mia na ishirini mara tano, huyo ndiye anakamatwa." Alilieleza jambo hilo kwa ufundi, hatua kwa hatua, bila aibu, kama mtu anayefundisha kufunga mkanda.

"Na zile za kwanza?"

"Za tisini? Zile nilipima kweli. Nilipata alama thelathini na mbili kwa mia. Mhadhiri akaandika kwa wino mwekundu nilinganishe na kitabu. Na wewe ukasema nimepima ovyo."

Injinia akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba, akalifunga. Hakuwa na kiu. Aliona aibu, na hakuwa na pa kuipeleka. Mtoto alikuwa amepima sawasawa, na watu wawili wenye shahada wakamfundisha asirudie tena. Aliporudi sebuleni alitaka kusema yote pale pale, lakini akaishia kusema nguo zianuliwe kabla ya mvua.

Jumatatu alimpigia Mzee Robo. "Njoo kesho saa nne. Njoo na jiliwa ndogo, spana ya kipimo na bolti."

"Za kuoshwa au za mafuta?"

"Zote mbili."

"Na ile sentensi yako nzuri?"

"Nimeifuta."

"Pole," akasema mzee. "Mke wangu ameshaanza kuikariri."

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu iliyong'arishwa mpaka mjumbe anaweza kujiona kidevu. Mzee Robo alipotaka kufunga jiliwa, kile kibanio chake cha chuma, kwenye ukingo wa meza, ofisa itifaki alikaribia kuzimia. Ikabidi itafutwe kitu kinene cha kuikinga, na kitu kinene kuliko vyote chumbani kilikuwa rasimu ya viwango, kurasa themanini na nne. Ikawekwa chini ya jiliwa. Ilifaa sana.

Injinia akavua koti, akakunja mikono ya blauzi. Akachukua bolti moja, akaisugua kwa kitambaa chenye petroli, na harufu ikawafanya wajumbe wakae wima. Akaikaza mpaka mia na ishirini. Ikatulia. Akachukua ya pili kama ilivyotoka kwenye boksi, inang'aa mafuta. Mia moja. Mia moja na kumi. Kijasho kilimtoka, na haikuwa kwa sababu ya spana. Kabla kidogo tu ya mia na ishirini, ikalia pa! Kichwa cha bolti kikaruka, kikagonga glasi ya mwenyekiti na kuzama kwenye jagi la maji.

"Jedwali langu ni la bolti zilizooshwa," akasema Injinia. "Sikuandika hivyo kitabuni. Hakuna kiwanda kinachoosha bolti. Tukipitisha hii, anayetii sheria atavunja pampu, na asiyetii atafungiwa. Kosa ni langu. Halikuwa la bolti, wala la mzee huyu."

Mwenyekiti akatazama jagi. Akalegeza tai ya kipepeo. "Mimi ndiye niliyeandika dibaji," akasema taratibu. "Nakumbuka niliandika kwamba humo hamna hata tarakimu moja ya kubahatisha."

"Hamna, Profesa. Zote ni sahihi kabisa, kwa bolti ambazo hakuna mtu anazo."

Kwanza alicheka mwenyekiti, kwa pua. Kisha wakacheka wote, na baada ya hapo mambo yakaenda kama yanavyokwenda serikalini. Katibu akauliza kama muhtasari useme bolti ilikatika kwa bahati mbaya. Mzee Robo akasema hapana, kwa makusudi. Wakajadili nusu saa kama iitwe marekebisho au maboresho. Ikaitwa maboresho. Rasimu ikarudishwa, ikiwa na alama ya jiliwa kwenye jalada, na mchapishaji akaandikiwa barua. Injinia alikuwa amejiandaa kufa, na hakuna aliyemwomba hata aketi vizuri.

"Umechelewa, mwalimu," Mzee Robo alimwambia kwenye ngazi, amebeba jiliwa begani. "Lakini umefika."

Akajisikia mwepesi. Akamwambia dereva ageuze gari, waende chuoni.

Binti alikuwa chumbani kwake bwenini, anakunja zile nguo. Mama akamsimulia yote akiwa amesimama katikati ya chumba: tundu la jedwali, mafuta, harufu ya petroli, ofisa itifaki, bolti ilivyolia, kichwa kilivyoingia kwenye jagi. Alisimulia vizuri. Binti alicheka mpaka akakaa kitandani. Halafu kicheko kikapungua chenyewe, akabaki ameshika soksi moja.

"Ulijua lini?"

Wajumbe sita walikuwa wameuliza maswali kumi na manne. Hilo hakuna aliyeliuliza.

"Zamani kidogo," akasema Injinia.

"Mwaka gani, mama?"

Mama akatazama dirisha, akatazama viatu vyake. "Nilikuwa na mimba yako."

Binti akawa anahesabu, na hesabu haikuwa ngumu. "Kwa hiyo nilipokupigia simu..."

"Nilikuwa naingia kikaoni."

"Sikuulizi ulikuwa wapi." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Nilijiona mjinga wiki nzima, mama. Nilipima kweli, nikajiona mjinga. Halafu nikapika, nikaona nimekuwa injinia."

Injinia aliketi kwenye kiti cha mezani, kiti kidogo cha mbao ambacho kingemfurahisha Mzee Robo, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Binti hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alikunja ile soksi pamoja na mwenzake, akaziweka sandukuni, akavuta ripoti yake kutoka chini ya vitabu, ile ya sabini na nane.

"Mhadhiri yuko ofisini mpaka saa kumi," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Namrudishia hii. Namwambia niliipika, na kwamba nataka nipime upya. Sitamtaja mtu mwingine, kila mtu atajisemea." Akavaa viatu. "Lakini kabla sijasema langu, wewe utaanza."

Wakatembea kwenye korido ndefu ya idara, ile ile ambayo Injinia aliwahi kuipita miaka kumi akiwa na koti jeupe. Wanafunzi wawili walimtambua, wakampisha. Aliwahi kuhutubia maprofesa, mameneja na mawaziri, na mara zote alijua sentensi ya kwanza kabla hajasimama. Sasa alikuwa anaitafuta, na mlango ulikuwa unakaribia.

"Nianzeje?" akamnong'oneza mwanawe.

"Anza na mwaka," akasema binti, na kugonga.